Gego la mwisho linavimba na kupoa, linavimba na kupoa: je, ling'olewe?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Geita, nanyonyesha mtoto wa miezi mitano. Gego langu la mwisho, chini upande wa kulia, limetoka nusu na sasa limenisumbua mara ya tatu. Mara ya kwanza sijashika mimba, mara ya pili nina mimba ya miezi saba, na sasa tena. Ufizi wa nyuma unavimba, kinywa kinatoa harufu, maumivu yanapanda sikioni mpaka kwenye kipaji, mdomo unakuwa mgumu kufunguka. Kila mara naenda duka la dawa, napewa amoksilini na metronidazoli, siku tatu nne napoa. Safari hii nilikwenda hospitali, daktari akasema litolewe kwa upasuaji mdogo. Mama mkwe amekataa kabisa, anasema gego la mwisho limeshikana na mshipa wa jicho, ukilitoa macho yanapungua nguvu. Jirani yetu alipotolewa la kwake, mdomo wa chini ulikufa ganzi zaidi ya mwezi. Mwingine ananishauri nitoe yote manne kwa mpigo ili yasije yakapinda meno ya mbele. Uvimbe umeanza kupungua ila naogopa, na pia naogopa dawa zitamdhuru mtoto. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu, na hongera ya kupata mtoto. Nitajibu yote uliyouliza, ila jibu la swali kubwa nikupe kabisa usije ukasoma kwa wasiwasi: kwa maelezo yako, naungana na daktari aliyekuona. Gego hilo moja litolewe, uvimbe ukiwa umetulia, na baada ya kupigwa picha ya X-ray. Mengine matatu yaache kama hayakusumbui. Sasa nikueleze kwa nini, maana hutakiwi kukubali kupasuliwa kwa sababu tu mtu mwenye koti jeupe amesema.

Kwanza hakikisha hauko kwenye hatari sasa hivi. Jipime kwa vidole vyako mwenyewe. Mtu mzima mwenye taya zima huweza kupitisha vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikipita viwili, misuli imekaza lakini bado una nafasi ya kupanga safari. Kikipita kimoja tu, nenda leo. Nenda pia leo, hata kama ni usiku wa manane, ukiona lolote kati ya haya: unashindwa kumeza mate yako, sauti imebadilika kana kwamba una chakula cha moto mdomoni, chini ya ulimi kumekuwa kugumu na ulimi umeinuka, uvimbe umeteremka shingoni au umepita chini ya kidevu kwenda upande wa pili, una homa na unatetemeka, au unapumua kwa shida. Hapo usaha umeingia kwenye nafasi za shingo na unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mgonjwa wa namna hiyo anapelekwa hospitali yenye wodi na daktari wa zamu. Kumpitisha duka la dawa kwanza ni kumpotezea muda alio nao.

Kama huna dalili hizo, tuendelee polepole.

Magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya hekima, kwa kawaida huota mtu akiwa na miaka 17 hadi 25, wakati meno mengine 28 yameshachukua nafasi zao. Taya likiwa fupi, gego hilo hukosa pa kusimama. Mara nyingi la chini huinama mbele na kuegemea gego la jirani, likabaki nusu limetoka na nusu limefunikwa na kipande cha ufizi. Chini ya kipande hicho kuna uwazi mwembamba ambao mswaki hauufikii. Ni kama ukingo wa mkeka ulioinuka: unafagia chumba kizima kila siku, lakini taka zilizoingia chini ya mkeka zinabaki palepale. Mabaki ya chakula yanaoza humo, na bakteria wasiopenda hewa wanastawi, ndio wanaoleta ile harufu uliyoisema. Ufizi ukivimba unainuka, gego la juu linaung'ata kila unapotafuna, nao unazidi kuvimba. Misuli ya kutafunia imepita jirani kabisa na hapo. Ikichokozwa na uvimbe inajikaza, ndipo mdomo unagoma kufunguka.

Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini dawa za dukani zinakupoza na ugonjwa unarudi. Amoksilini na metronidazoli hupigana na bakteria walioingia kwenye nyama. Haziondoi chakula kilichonasa, hazinyooshi jino, wala hazikifanyi kile kipande cha ufizi kitoweke. Nyumba ya ugonjwa inabaki ilipo. Na niseme jambo linaloniumiza kila wiki kwenye kliniki: watu wengi wanapewa dawa mbili za bakteria kwa kila jino linalouma, bila mtu yeyote kuwaangalia kinywani. Shambulio la kawaida lisilo na homa, lisilosambaa na lisilobana taya, mara nyingi hutulia kwa kusafishwa tu chini ya ufizi kwa maji ya chumvi au dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Dawa za bakteria zina kazi yake pale homa, uvimbe unaosambaa au mdomo kukaza vinapojitokeza. Safari hii mdomo wako ulikaza, kwa hiyo sisemi ulikosea kuzimeza. Ila ukipewa dozi, imalize kama ulivyoelekezwa, na isiwe ndiyo matibabu yako ya kila mwaka, kwa sababu bakteria wanazoea.

Sasa tuje kwa mama mkwe, na ninaomba usimdharau kwa hili. Hofu yake ina mahali ilipotoka. Uso mzima, kuanzia kipaji mpaka kidevu, hupata hisia kupitia mshipa mmoja mkubwa wa fahamu kwa kila upande. Mshipa huo una matawi matatu: moja linahudumia kipaji na eneo la jicho, la pili taya la juu, la tatu taya la chini. Matawi hayo hukutana ndani kabisa ya fuvu, mbali sana na jino. Kwa sababu yanakutana, ubongo huchanganya maumivu yanatoka wapi, na ndiyo maana gego la chini linakuuma sikioni na kwenye kipaji. Mtu aliyewahi kuhisi jino likichoma mpaka pembeni ya jicho ana haki ya kudhani vitu hivyo vimeshonwa pamoja. Lakini kazi ya matawi hayo ni kubeba hisia, yaani maumivu, joto, mguso, na lile la taya la chini huendesha pia misuli ya kutafunia. Kuona kunafanywa na mshipa mwingine kabisa, unaotoka nyuma ya mboni ya jicho moja kwa moja kwenda kwenye ubongo, na haupiti karibu na taya la chini. Kutoa gego la chini hakupunguzi uwezo wa kuona. Ushauri wangu ni huu: mwombe mama mkwe akusindikize kliniki. Utahitaji mtu wa kumshika mtoto, na akimsikia daktari mwenyewe akiwa na picha ya X-ray mkononi atatulia kuliko ukimpelekea maneno yangu.

Habari ya jirani yako, hiyo ni ya kweli, na daktari yeyote atakayekuambia haiwezekani kabisa anakuficha. Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye mdomo wa chini na kidevu. Kwa baadhi ya watu mizizi ya gego la mwisho imekaa juu ya mfereji huo, kwa wengine imeugusa. Upande wa ndani, karibu na ulimi, unapita mshipa mwingine unaoupa ulimi hisia. Wakati wa kutoa jino mishipa hii inaweza kubanwa au kuchubuliwa. Kati ya watu 100 wanaotolewa magego ya chini, wachache hupata ganzi ya muda kwenye mdomo, kidevu au ulimi, na wengi wao hurudia hali yao baada ya wiki kadhaa au miezi. Wanaobaki nayo moja kwa moja hawafiki mmoja katika 100. Mdomo haupindi, kwa kuwa mshipa unaoguswa ni wa hisia, si wa kuendesha misuli ya uso. Hata hivyo, kuishi na kidevu kisichohisi ni usumbufu wa kweli, nami sitaki uone kama ni jambo dogo.

Hapo ndipo umuhimu wa picha unapoonekana. Usikubali gego la chini lililozama litolewe bila X-ray inayoonyesha mizizi yote na mfereji ule. Nzuri zaidi ni ile picha ya taya zima, ambayo unasimama na mashine inazunguka kichwa chako. Muulize daktari swali moja: "Mizizi iko mbali kiasi gani na mshipa?" Akikuonyesha kwamba viko mbali, hatari yako ni ndogo sana na hospitali ya mkoa yenye daktari wa kinywa na meno inatosha. Akikuonyesha kwamba vinagusana, omba rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Kwa wewe wa Geita, unaweza kuulizia hospitali ya rufaa ya Bugando pale Mwanza. Bingwa anaweza kuomba picha ya CT, au akaamua kukata taji la jino, yaani sehemu ya juu, peke yake na kuiacha mizizi ndani ya mfupa ili mshipa usiguswe. Njia hiyo ipo na inakubalika kwa jino lisilooza, ingawa mara chache mizizi iliyoachwa husogea juu baadaye ikahitaji kutolewa.

Ulisema unaogopa, basi tuzipime na njia nyingine kwa haki. Unaweza kungoja. Kwa mtu aliyepata shambulio moja dogo, hilo ndilo ningemshauri. Mwongozo wa Uingereza uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2000 unasema hivyohivyo: shambulio la kwanza, lisipokuwa kali sana, si sababu ya upasuaji, la pili na kuendelea ni sababu. Wewe uko la tatu, na lina tabia ya kubana taya. Kuna pia kukata kile kipande cha ufizi peke yake. Wagonjwa hukipenda kwa kuwa ni kidogo, lakini kinafaa tu kama jino limesimama wima na lina nafasi, na hata hapo ufizi mara nyingi huota tena. Njia ya tatu haisemwi sana: kutoa gego la juu linaloung'ata ufizi wa chini. La juu hutoka kirahisi zaidi, na maumivu hupungua haraka. Kama picha itaonyesha hatari kubwa upande wa chini, au kama safari ya Mwanza lazima isubiri fedha, hiyo ni njia ya heshima ya kukuvusha. Lakini taka chini ya mkeka zitabaki.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisipende ungoje. Gego lililoinama mbele huoza pamoja na jirani yake, kwenye pembe ambayo hakuna mswaki unaoifikia. Nimewapokea watu waliovumilia gego la mwisho miaka mingi, kisha tukalazimika kutoa mawili, na lile la pili lilikuwa zima, la kutafunia kila siku. Pia, kwa umri wako mfupa bado haujawa mgumu sana na kidonda hupona vizuri. Na kama mnapanga mtoto mwingine, ni bora hili liwe limekwisha kabla. Mjamzito anaweza kutibiwa meno, hata kung'olewa jino kwa ganzi, hasa miezi ya kati, na wewe ulipougua ukiwa na miezi saba ulistahili kuonwa na daktari wa meno. Ila fizi za mjamzito huvimba kirahisi, na hakuna raha ya kupasuliwa taya ukiwa na tumbo la miezi minane.

Kuhusu kutoa yote manne: hapana. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba magego ya mwisho ndiyo yanayosukuma meno ya mbele yakapinda. Meno ya mbele hujisogeza kadiri mtu anavyokua, hata kwa waliokwisha kutolewa magego hayo na hata kwa ambao hayakuota kabisa. Jino zima, lisilouma, linalopigika mswaki, liache lifanye kazi. Jambo moja tu la kumkumbusha daktari: la chini likishatoka, la juu la upande huohuo litakosa mwenzake na linaweza kushuka taratibu mpaka likachoma ufizi. Aliangalie, kisha mwamue pamoja.

Sasa mtoto. Lidokeini, ile sindano ya ganzi, haimdhuru anayenyonya. Parasetamoli na ibuprofeni zinafaa kwa mama anayenyonyesha. Amoksilini pia. Metronidazoli huingia kwenye maziwa na inaweza kubadilisha ladha yake kidogo, lakini kwa dozi za kawaida za siku chache akina mama huendelea kunyonyesha. Mtoto akiharisha au akipata utando mweupe mdomoni, mpeleke aangaliwe. Zinazonitia hofu ni kodeini na tramadoli, ambazo watu hupeana mtaani kama dawa ya maumivu makali. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2017 kwamba akina mama wanaonyonyesha wasizitumie, kwa sababu zinaweza kumfanya mtoto asinzie kupita kiasi na kupumua kwa shida. Mwambie daktari na mwenye duka la dawa kabla hawajakuandikia chochote kwamba unanyonyesha. Mnyonyeshe mwanao kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na tena ukitoka, mara utakapojisikia vizuri.

Mpaka siku hiyo ifike, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, kila baada ya kula. Pitisha mswaki laini mpaka nyuma kabisa hata kama damu kidogo inatoka. Ukiogopa kugusa pale ndipo panapozidi kuoza. Kwa maumivu, ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa nane, pamoja na parasetamoli ya miligramu 1000 kila baada ya saa sita, na usizidishe gramu nne za parasetamoli kwa saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo au mimba asitumie ibuprofeni bila kumuuliza daktari, na usiichanganye na diklofenaki. Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli, tone moja kwenye pamba, lakini ukiyamimina yanaunguza ufizi. Aspirini iliyosagwa, ugoro, mafuta ya taa na maji ya betri visikaribie kinywa chako.

Siku yenyewe utachomwa ganzi, utahisi kusukumwa na kusikia sauti ya mashine, ila si maumivu. Ukihisi kuchoma, inua mkono, uongezewe. Ufizi hupasuliwa kidogo, mfupa kidogo huondolewa, jino mara nyingi hukatwa vipande ili litoke bila kulazimishwa, kisha nyuzi. Kama una kisukari, presha, selimundu, au historia ya kutokwa damu bila kukoma, sema kabla hawajaanza. Ulizia pia gharama yote mapema, pamoja na picha na marudio, na kama una bima waulize inalipia kung'oa tu au na upasuaji, maana huko ndiko watu hukwama mlangoni.

Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, usishtuke. Uma shashi kwa nusu saa. Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija wala kitu cha moto: damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo inayofunika mfupa, ikitoka mfupa unabaki wazi. Uji wa uvuguvugu, mtori, viazi vya kupondwa na mayai vinatosha. Mahindi ya kuchoma na karanga visubiri. Baada ya saa hizo 24 rudia maji ya chumvi. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwambie daktari, kwa sababu huongeza uwezekano wa tundu kukauka, yaani damu hiyo iliyoganda kutoka, na sigara huongeza zaidi. Utalijua tundu lililokauka kwa saa yake: maumivu yanapungua vizuri, kisha siku ya tatu hadi ya tano yanarudi kwa ukali, yanapanda sikioni, na harufu mbaya. Usiende kununua dawa za bakteria. Rudi kwa aliyekutoa, atasafisha tundu na kuweka dawa ya kutuliza, na nafuu huanza kuonekana siku hiyohiyo.

Rudi pia kama damu inatoka bila kukoma baada ya kuuma shashi safi kwa nusu saa, mara mbili mfululizo, kama homa inakuja baada ya siku ya tatu, au kama mdomo au kidevu bado kina ganzi kesho yake asubuhi. Hiyo ya mwisho watu huinyamazia wakidhani ni sindano, na sindano huisha ndani ya saa chache. Daktari akiijua mapema atachora eneo lisilohisi, atalipima kila unaporudi, na ataona kama linapungua au linahitaji jicho la bingwa.